Kisu cha Kurasa

Mzee Yassir alikuwa akipanga vitabu katika makasha, kwa kuwa duka lake la vitabu vikuukuu lilikuwa lifungwe mwisho wa mwezi, Brigitha alipoingia na kuketi bila kukaribishwa. Alitoa mkobani kitabu chembamba chenye jalada la kijivu, akakiweka juu ya meza.

"Kitabu hicho nilimuuzia mama mmoja wa Kiganda," alisema Yassir. "Kimefikaje kwako?"

"Daphne ni mwalimu mwenzangu. Nilimtuma mimi. Mimi usingeniuzia."

Kisha akatoa kisu.

Kitabu kilikuwa cha marehemu baba yake Brigitha, Wambura, aliyekuja hapa Stockholm miaka ya hamsini kujifunza uchapaji. Mchapishaji mmoja mdogo alimtolea hadithi zake kwa Kiswahili, lakini kasha lililotumwa nyumbani lililowa maji na kuoza bandarini, na muda si muda mchapishaji naye akafilisika. Nakala pekee iliyojulikana ilikuwa hii ya Yassir. Enzi hizo vitabu viliuzwa hapa kurasa zikiwa bado zimeshikana kingoni, msomaji azikate mwenyewe kwa kisu. Hiki hakikuwa kimeguswa na kisu tangu kitoke kiwandani, na Yassir alijivunia jambo hilo mbele ya wauzaji wenzake kama mtu anavyojivunia kuhiji.

Hadithi ya mwisho Wambura aliitunga kwa ajili ya mchumba wake, Adelina, akakataa katakata kumsimulia. "Utaisoma," alimwambia kila alipoulizwa, hata walipokwisha oana, hata alipokuwa anakata roho. Adelina akazeeka akiingojea. Alipolala kitandani kule Alby, pembezoni mwa jiji, macho yake yamezimika, Brigitha alimwendea Yassir, akampigia magoti, akaomba akate kurasa zile chache tu amsomee mama yake.

"Binti yangu," Yassir alimjibu, "kitabu kikikatwa kimekufa."

Basi mama akafa, kitabu kikabaki hai.

Sasa Brigitha alipenyeza ncha ya kisu katika mkunjo wa kwanza. Karatasi ilitoa sauti kavu, kama jani la mgomba linalochanwa.

"Brigitha, mwanangu, nakusihi! Dunia nzima ni hicho kimoja!"

"Ndiyo maana nimekinoa kisu vizuri."

"Hasira hasara, mwanangu."

"Hasara ni yako, mzee. Hasira ni yangu. Tumegawana."

Hakuwa na haraka. Alikata juu, kisha pembeni, akapangusa vumbi la karatasi kwa kiganja, akafunua, akaendelea na mkunjo uliofuata, kama anavyowafundisha watoto kufanya kazi kwa utaratibu. Yassir alisimama ameshika kifua. Mara mbili aliunyoosha mkono wake, mara mbili akaurudisha. Muuzaji hana amri juu ya mali aliyokwisha kuiuza.

Alipofika hadithi ya mwisho, Brigitha alikilaza kisu na kuisoma kimya kimya. Katikati alicheka peke yake. Kuelekea mwisho alijifuta macho.

Yassir alikwisha kuvaa miwani. "Anasema nini?"

"Umekaa nacho miaka yote hiyo, nawe hujui?"

"Ningejuaje? Nilikuwa nakitunza." Alisogea, akaushika ukingo wa meza. "Nisomee, mwanangu. Japo mwanzo wake tu."

Brigitha alimtazama usoni, kisha akasoma polepole, kwa sauti ya darasani: "'Adelina, mtu aliyekuja kukuposa siku ile, hakuwa mimi.'"

Akaishia hapo.

"Hakuwa yeye!" alisema Yassir. "Alikuwa nani basi?"

Brigitha alikifunga kitabu, akakitia mkobani, akaanza kufunga vifungo vya koti. Mzee alimfuata hadi mlangoni, akijikwaa katika makasha yake.

"Brigitha! Usinifanyie hivyo, mimi mzee wako. Ikawaje?"

Brigitha alikwisha kuufungua mlango.

"Hujabakiza siku nyingi, mzee. Ukifika huko mwulize mama," alisema. "Naye hajui."