Siku Tatu Kisiwani Lukunda

Naima alikuwa hajaingia ziwani kwa miaka thelathini na moja. Alizaliwa Kirando, mwambao wa Tanganyika, akaolewa na Shamsi, mfanyabiashara wa Sumbawanga. Tangu hapo maisha yake yakawa ya huko juu: duka, watoto, masweta ya mwezi wa sita na upepo unaopenya mpaka kwenye mifupa. Habari za ziwa alizipata kwa wauza samaki aina ya migebuka tu.

Serikali iliporuhusu watu binafsi kuwekeza, mgeni mmoja alijenga hoteli ya mapumziko Lukunda, kisiwa kidogo kisicho na kijiji wala barabara. Lori la Shamsi ndilo lililoteremsha saruji na mbao zote mpaka ufukweni, zikavushwa kwa boti. Kazi ilipokwisha, mwenye hoteli akamkaribisha aje na mkewe wapumzike siku tatu, kabla wageni wa kwanza hawajaanza kufika. Shamsi akatafuta visingizio viwili vitatu. Alipomaliza kuvieleza, Naima alikuwa ameshafunga begi.

Boti iliwashusha asubuhi, ikageuza na kuondoka. Akawapokea Herieth, msimamizi wa hoteli, mwanamke wa Ilemba mwenye sauti ya taratibu.

"Shikamoo mzee, shikamoo mama. Kisiwa chote ni chenu. Tupo mimi na mpishi wangu Bertila tu."

Walilala kwenye banda la nyasi linalotazama maji. Kulipokucha Naima akatandika kitanda, akafagia, akaanza kuosha vikombe vya chai. Herieth akamtoa kikombe mkononi kwa upole.

"Mama, ukifanya wewe, mimi nitafanya nini? Nenda nyuma ya mawe yale ukawaone fisi maji."

"Huko hakuna mamba?"

"Mamba wako mdomoni mwa mto, ng'ambo kule. Hapa ni mawe matupu. Sisi tunaogelea kila siku."

Nyuma ya mawe palikuwa na kighuba cha kokoto nyeupe. Maji yalikuwa maangavu kiasi kwamba visamaki vya bluu na njano vilionekana vikila ukoga wa majini juu ya mawe. Fisi maji wawili walikuwa wakigombania samaki. Naima akatazama kulia, akatazama kushoto. Hapakuwa na mtu. Akavua mtandio na kandambili, akafunga khanga vizuri juu ya gauni, akaingia.

Alidhani amesahau. Lakini maji yalipomfika kifuani, miguu ikainuka yenyewe, mikono ikaanza kukata maji kama zamani, na kicheko kikamtoka bila kukusudia. Akaenda, akazidi kwenda.

Shamsi alipokuja kumtafuta, aliuona mtandio juu ya jiwe, na kichwa cha mkewe kikiwa mbali kabisa. Akakimbilia majini na suruali yake, maji yakamfika magotini, akakwama. Yeye ni mtoto wa Malangali, Sumbawanga mjini. Maji aliyoyazoea ni ya kwenye beseni.

"Mama Sada, unazama?"

"Ningekuwa nazama ningekujibu?"

Akarudi polepole, amelala chali, anapiga maji kwa visigino.

"Tangu lini unajua kuogelea?"

"Tangu kabla sijakujua."

"Miaka yote hii hukuniambia."

"Sumbawanga ningekuonyeshea wapi, Baba Sada? Kwenye beseni?"

Shamsi akakaa juu ya jiwe, akacheka mpaka akakohoa. Kisha akamtazama mkewe kama mtu aliyemwona leo kwa mara ya kwanza, na Naima akaona haya akiwa na miaka hamsini.

Mchana ule akaanza kumfundisha. Shamsi alikuwa amekakamaa kama ubao. Alizama, akameza maji, akaapa harudi tena, akarudi.

"Legeza shingo," Naima alimwambia, kiganja chake kikiwa chini ya mgongo wa mumewe. "Usiniangalie mimi. Angalia mbingu."

Jioni walikula samaki aina ya kuhe wa kuchoma kwa wali, na Shamsi akawasimulia Herieth na Bertila kana kwamba amevuka mpaka Kongo kwa mikono yake.

Siku ya tatu, Naima akauondoa mkono kimyakimya. Shamsi akabaki anaelea, kitambi juu, macho mbinguni, akiendelea kueleza habari za springi za lori.

"Nimekuachia kitambo," Naima akasema.

Alitingishika kidogo, lakini hakuzama. Wakati huohuo boti ikasikika ikija kuwachukua, na Herieth akatokea kwenye mawe kuwaita. Shamsi hakuinua kichwa.

"Mwambie nahodha anywe chai kwanza," akasema. "Anywe taratibu."