Sauti Juu ya Kiti cha Kumi na Saba

Kila Jumatatu saa nane mchana, mlinzi wa ukumbi wa manispaa alikuwa akiondoa koti lake kwenye ile sauti, ili bendi ilinganishie vyombo. Sauti yenyewe ilining'inia juu ya kiti cha kumi na saba, usawa wa bega, kwa miaka thelathini na moja. Ilikuwa sauti moja ya tarumbeta, nyembamba, haipandi haishuki. Mfagiaji aliipangusa vumbi kila Ijumaa. Wenye masikio mazito walikigombania kiti hicho.

Aliyeipiga ni Mama Shaba, enzi hizo binti wa mstari wa nyuma. Mpiga solo wa bendi, Bwana Mashavu, aliumwa na nyuki mdomoni asubuhi ya tamasha, na manispaa ilikuwa imeshabandika picha yake mji mzima. Basi Mashavu akakaa mbele na tarumbeta yake, akajivimbisha, na binti akapiga nyuma ya pazia. Sauti ya mwisho ikagoma kwisha. Watu wakapiga makofi, wakangoja kidogo, wakaenda zao kula.

Wiki iliyofuata manispaa ikapigilia kibao chini yake: SAUTI YA BWANA MASHAVU.

Binti hakususa. Akawa mpiga solo, akaongoza bendi, akafundisha watoto wa watu kupumua. "Tumbo, mwanangu, tumbo! Mashavu ni ya kutafunia." Ila alitaka jambo moja tu: jina lake kwenye kibao. Kila Januari aliandika barua. Kila Februari alijibiwa kwamba suala lake linashughulikiwa.

Siku ya kumuaga kazini, karani wa manispaa alikuja na faili kwapani.

"Mama, tatizo ni ushahidi. Tutajuaje kwamba ni yako?"

"Si tuiulize yenyewe?"

Mama Shaba akainua tarumbeta, akapiga wimbo ule tangu mwanzo, akakomea kabla ya sauti ya mwisho. Juu ya kiti cha kumi na saba ile sauti ikajitikisa. Koti la mlinzi likaanguka. Sauti ikapita taratibu juu ya vichwa vya watu, ikaingia kwenye tarumbeta yake kama kuku anayerudi bandani.

"Sasa koti nitatundika wapi?" mlinzi akauliza.

Bwana Mashavu, mzee wa mkongojo sasa, alipiga makofi kuliko wote. "Nimewaambia miaka yote hiyo, hamsikii! Mimi hata chai ya moto napuliziwa!"

Karani alikubali kila kitu. Bahati mbaya fomu yake haikuwa na nafasi ya kubadili mwenye mali. Ilikuwa na nafasi ya vitu vilivyotolewa jengoni. Jumatatu kibao kilikuwa palepale, kimebandikwa karatasi kwa chini: IMEAZIMWA NA MWALIMU MSTAAFU. IRUDISHWE NDANI YA SIKU KUMI NA NNE.

Siku hizi sauti inakaa jikoni kwa Mama Shaba, karibu na dirisha. Mumewe anatundika kofia. Jumatatu bendi nzima inajibana humo kulinganisha vyombo, na mlinzi huja nyuma yao na koti lake.

Kila Januari manispaa humwandikia ikidai sauti yake. Kila Februari Mama Shaba huijibu, kwa mwandiko mzuri wa kialimu, kwamba suala lao linashughulikiwa.