Masanduku Yasiyofukizwa

Kabla ya saa tano Leocadia Yujra alikuwa ameshaizunguka safu ya wauza nyumba mara tatu, ingawa hakuhitaji nyumba. Mvua ya Januari ilikuwa imenyesha tangu alfajiri, na maji yalipita katikati ya vibanda yakibeba petali na maganda ya maharage. Mdogo wake Ninfa alimfuata na mwavuli ambao haukuwatosha wawili.

"Dada, simama basi! Unanikimbiza kama mbuzi aliyekata kamba."

"Sikukimbizi. Natafuta."

"Unatafuta nini? Masanduku yako kule. Tumeyapita."

"Nimeyaona."

Ilikuwa siku ya Alasitas, na nusu ya jiji la La Paz, Bolivia, ilikuwa imeshuka sokoni kununua vitu vidogo: nyumba za plasta, malori ya bati, vyeti vya chuo vya kukaa kiganjani. Mtu hununua kile anachokitaka mwaka huo, kisha saa sita mchana, kengele za makanisa zikilia, humpelekea yatiri, mganga wa mila, akifukize uvumba na kukimwagia divai. Kengele zikinyamaza, muda umepita. Ambacho hakikufukizwa kinabaki kitu cha kuchezea watoto.

Leocadia alinunua sanduku la safari kila mwaka. Lilikuwa kubwa kama kiberiti, na ndani yake mlikuwa na pasipoti ndogo na tiketi ndogo. Nyumbani masanduku hayo yalijaza rafu nzima juu ya jiko. Kila aliyeingia aliyaona, na kila aliyeyaona alisimuliwa habari ileile: akiwa msichana alipata nafasi ya kusoma jiolojia Córdoba, Argentina, gharama zote zimelipwa, lakini baba yake, mchimba bati, alikuwa na mapafu yaliyojaa vumbi, na hakukuwa na mtu wa kumuuguza. Alibaki. Akafundisha hisabati katika shule ya mtaani kwao mlimani mpaka alipostaafu, Desemba iliyopita.

Sasa Ninfa, ambaye alihamia Córdoba zamani na ana karakana yake ya kushona, alikuwa amekuja kumchukua. Chumba kilikuwa tayari. Chuo kilikuwa na masomo ya jiolojia kwa watu wazima, bila mtihani wa kuingia. Basi lilikuwa linaondoka saa nane, na Ninfa alikuwa amekwisha kulipia viti viwili na kuacha mabegi yao stendi. Leocadia alikuwa amelifungasha begi lake, akalifungua, akalifungasha tena. Hakuwa amekubali. Hakuwa amekataa pia, na Ninfa alilihesabu hilo kuwa kukubali.

Waliketi kwenye kibanda cha chakula. Ninfa alimaliza mahindi na jibini lake. Leocadia alimenya maharage mabichi moja moja, akayapanga pembeni mwa sahani, hakuyala.

"Unaogopa," Ninfa alisema.

"Labda."

"Labda nini? Maisha yote umelia na hiyo Córdoba. Tumeisikia Krismasi, tumeisikia kwenye matanga, hata kwenye harusi yangu uliisema. Leo mlango uko wazi, unamenya maharage!"

Leocadia aliinuka, akaenda kwa wauza masanduku, akachagua la ngozi nyekundu, akalipa bila kuuliza bei mara mbili. Alilihamishia mkono wa kushoto, akalirudisha wa kulia.

Mwisho wa safu ile alikaa Hilaria, yatiri mwenye vyetezo viwili vya moto na kofia iliyofunikwa nailoni. Aliwahi kuwa mwanafunzi wa Leocadia.

"Mwalimu! Leo tena unanipita?"

"Sikupiti, Hilaria. Nasalimia."

"Unasalimia kila mwaka. Unakuja na kisanduku chako mkononi, unatoa salamu ya haraka, unaenda kunywa uji wa mahindi mpaka kengele zinyamaze. Nikasema, huyu mwalimu ana yatiri mwingine, pale kanisani, maana mimi nilipata sufuri kwenye aljebra yake."

"Hukupata sufuri. Ulipata kumi na mbili."

"Kwa mia! Haya, niambie, nani anakufukizia? Simwonei wivu, nataka tu kumjua."

Ninfa alicheka. "Mwambie, dada. Nani?"

Leocadia alitafuta jina la kutaja. Alianza kukumbuka mwaka jana. Mwaka jana alikuwa kwenye foleni ya uji. Mwaka wa kabla yake alikutana na mzazi wa mwanafunzi, wakazungumza juu ya matokeo hadi kengele zikaisha. Alirudi nyuma kadiri alivyoweza kukumbuka, kama anavyokagua hesabu ya mtoto, mstari kwa mstari. Hakuna sanduku hata moja lililopata moshi. Mara moja mtu angeweza kuita bahati mbaya. Alikuwa na rafu nzima.

"Hakuna," alisema.

"Hakuna vipi?" Hilaria aliuliza.

"Sijawahi kufukiza hata moja."

Hilaria alikuna shavu. "Basi umenunua midoli, mwalimu."

Zilikuwa zimebaki dakika chache. Watu walianza kusongamana, kila mmoja akinyoosha nyumba yake juu ya vichwa vya wengine. Ninfa alimshika dada yake mkono.

"Leo utalifukiza. Lete. Baba alikuzuia, mimi nikaondoka nikakuachia kikohozi chake. Unadhani nalala? Lete hicho kitu, tumalize deni."

"Baba hakunizuia."

"Dada, usianze."

"Alikufa Mei, Ninfa. Mwaka uliofuata watu wa Córdoba waliniuliza tena. Nafasi ileile."

Ninfa aliuachia mkono. "Ukawaambia nini?"

"Nikawaambia hapana. Nilikuwa na darasa. Kulikuwa na watoto waliokuwa wameanza kuelewa hesabu za sehemu, na nilitaka kuona mwisho wake." Alisema haraka, kama mtu anayetema kokwa. "Sikumwambia mtu. Ilikuwa rahisi zaidi kusema ni baba."

"Miaka yote hii nimejilaumu!"

"Najua. Hilo ni kosa langu. Kubaki si kosa."

"Kwa hiyo huji."

"Siji. Nitakuja kukutembelea ukinialika vizuri, bila kunitangulizia begi stendi."

"Utajuta."

"Nimejaribu, mdogo wangu. Mimi kwenye kujuta ni kama Hilaria kwenye aljebra."

"Nimesikia!" Hilaria alisema.

Kengele ya kwanza ililia. Leocadia alimtia Ninfa sanduku jekundu kiganjani. "Shika. Wewe ndiye msafiri, na cha kupewa kina nguvu kuliko cha kununua." Kisha akapenya kati ya watu wawili hadi kibanda cha vifaa vya ujenzi na kurudi mbio na mifuko mitatu ya saruji, kila mmoja mdogo kama kipande cha sabuni ya hotelini. Paa la zege la nyumba yake lilivuja tangu Novemba. Hakuwa ameliziba, kwa sababu mtu anayeondoka hazibi paa.

Hilaria aliupitisha moshi juu ya saruji, kisha juu ya sanduku, akamwaga divai nyingi kuliko kawaida. Ninfa alilia na kumtukana dada yake kwa sauti ya chini, lakini kiganja alikiacha wazi mpaka kengele zilipokwisha.

Stendi, kondakta alilalamika kushusha begi lililokuwa limeshapakiwa chini kabisa. Leocadia hakungoja basi litoke. Alimkumbatia Ninfa dirishani kadiri mikono ilivyofika, akajitwika begi na kuanza kupanda mlima kurudi kwake. Duka la saruji halisi mtaani kwao lilikuwa likifungwa mapema siku za sikukuu, na mawingu yalikuwa yanarudi.