Chipu za Mwalimu Ansgar

Tangu kompyuta ya mumewe ilipokufa, Generosa alikuwa akiishi na mtu asiyemjibu, na kama kuna kazi inayochosha kuliko kumgeuza mgonjwa kitandani, basi ni hiyo.

Mwalimu Ansgar alifundisha hesabu hapo Kahama mpaka akastaafu. Kiharusi kilimkuta uani akimwagilia mchicha, kikaondoka na upande wake wa kulia pamoja na ulimi. Kilimwachia kidole kimoja cha mkono wa kushoto, na kidole chenyewe kilikuwa na masharti yake. Watoto walileta simu ya kioo, kidole kikatetemeka juu yake, herufi tatu zikaja kwa mpigo. Generosa akamwandikia alfabeti nzima kwenye boksi la sabuni ili awe anaonyesha. Lakini neno la kuonyesha kwa kidole halibaki popote. Mwalimu akifika katikati alikuwa amesahau alikoanzia, akalisukuma boksi chini. Kitu pekee alichokubali ni ile kompyuta kuukuu aliyoachiwa na padri mmoja aliyerudi kwao Ulaya zamani, kibodi na ubongo vyote ndani ya kasha moja, ya kuchomeka kwenye televisheni. Vibonye vyake vilikuwa vinene, na alivijua kwa miaka zaidi ya thelathini.

Humo ndimo alimokuwa akizungumza. Aliandika kwa herufi kubwa, CHAI, au DIRISHA, au KUKU WA JULIANA WAMEINGIA TENA. Kila akimaliza, mashine ilimjibu kwa Kiingereza kwamba amekosea, maana ilidhani inaamrishwa hesabu. Generosa alikwisha kuizoea, kama mtu anavyozoea mama mkwe aliyekuja kusalimia akahamia. Kisha asubuhi moja televisheni ikajaa vibumba vyeusi na vyeupe, na Mwalimu akabonyeza, akabonyeza, mpaka mkono ukaanguka wenyewe.

Fundi alikuwa Donatus, mwenye kibanda cha redio jirani na stendi, ambaye utotoni alichapwa na Mwalimu huyohuyo kwa ajili ya jedwali la saba. Aliifungua kompyuta, akaiwasha ikiwa wazi, akamwita Generosa asogee.

"Ubongo wake mzima, Mama Edward. Shida ni hizi zilizojipanga hapa. Ni chipu za kumbukumbu, ndizo zinazoshika kile anachoandika Mwalimu. Gusa hii. Sasa gusa na hii."

Ya kwanza ilikuwa vuguvugu. Ya pili Generosa aliiachia haraka, akapuliza kidole.

"Iliyokufa ndiyo inayochemka," Donatus akasema. "Ziko tatu."

"Basi ninunulie tatu."

"Haziuzwi, mama. Ziliacha kutengenezwa mimi sijaoa. Labda tuzipate kwenye mabao ya kompyuta chakavu, yale ya kijani yaliyojaa vidude, kama wachenjuaji wa dhahabu hawajatutangulia."

Hapo ndipo penye taabu. Kwingine bao la kompyuta likifa hutupwa, likazeeka kwa amani jalalani. Huku kwenye ukanda wa dhahabu halipewi nafasi hiyo, kwa sababu watu walikwisha kugundua kwamba miguu ya vile vidude imepakwa dhahabu, nyembamba lakini ya kweli. Wananunua mabao kwa magunia, wanayachoma juu ya mkaa mpaka risasi ya kulehemia iyeyuke, vidude vinadondoka, wanaviogesha kwenye tindikali. Makoye, mtoto wa dada yake Generosa, alikuwa akifanya kazi hiyo kule machimboni Mwakitolyo tangu duara lake, shimo la kuchimbia dhahabu, lilipojaa maji. Generosa akampigia simu, Donatus akamtumia picha ya chipu na namba yake.

Hazikupita siku nyingi Makoye akatokea mlangoni na kopo la maziwa ya unga mkononi, uso wote furaha.

"Mwadila, mayu," akasalimia kwa Kisukuma, akimwita mama.

"Mwadila, baba. Umezipata?"

"Nimezipata, tena nimekurahisishia. Mabao yalikuwa mazito, nikaona utateseka kubeba. Nimeyachoma kidogo, zikadondoka zenyewe. Hata masizi nimefuta."

Generosa alimshukuru mpaka akaishiwa maneno. Alimpikia wali kwa kuku, akambariki yeye na watoto wake, na hata Mwalimu kitandani aliinua kile kidole kumsalimia.

Donatus alifungua kopo. Alinusa. Akachukua chipu moja, akaibana mgongoni mwa mojawapo ya zile mbovu, mguu kwa mguu, ili ishike kazi yake, akawasha. Vibumba. Akabana nyingine, na nyingine, mpaka kopo likaisha.

"Zimeokwa," akasema, akavua miwani. "Mimi chuma changu cha kulehemu nakigusisha kwenye mguu na kukitoa papo hapo. Huyu kaziweka jikoni kama mahindi. Lakini nitamlaumuje? Kule kwao kitu hakitoi thamani mpaka kipite motoni."

Generosa alirudi nyumbani kwa miguu. Hakuwa na hasira na Makoye. Hasira nayo inataka nguvu. Alimkuta Mwalimu akiguna, akinyoosha kidole kuelekea kona ya chumba. Akampa maji, akakataa. Akamwekea mto, akakataa. Redio hapana, dirisha hapana, chombo cha kukojolea hapana. Alipomletea uji, mkono wa Mwalimu ulipiga bakuli likamwagika juu ya shuka aliyoifua asubuhi.

Generosa akapiga magoti akaanza kufuta. Hakupaza sauti. Alisema kama mtu anayesemea moyoni, ila maneno yalikuwa yamekwisha kutoka nje: "Ansgar, si Mungu akuchukue tu, tupumzike wote wawili."

Mwalimu alimtazama. Alimtazama kwa muda mrefu, kisha akageuzia uso ukutani.

Kuanzia hapo hakuguna tena. Alilishwa akala, akageuzwa akageuka. Nyumba ilitulia, na utulivu huo ulimwumiza Generosa kuliko kelele zote. Amekasirika? Amekubali? Anasubiri kufa kwa sababu mkewe kamwambia? Angeweza kwenda kuungama, na padri angemwondolea, lakini si padri aliyeambiwa maneno yale. Alitaka Ansgar mwenyewe amjibu, hata kama ni kwa kumtukana.

Akamwomba jirani yake Juliana akae na mgonjwa, akapanda gari la Mwakitolyo.

Alimkuta Makoye amekwisha kuwasha mkaa. Pembeni palikuwa na rundo la mabao ya kijani, na bao moja lilikuwa tayari juu ya wavu. Generosa hakusubiri salamu. Alilivuta lile la juu ya wavu kwa upindo wa kitenge.

"Mayu, utaungua!"

"Zile ulizoniletea zilikufa zote, Makoye. Moto ndio uliziua."

Makoye alisimama na koleo lake mkononi, na uso ukamshuka. "Mimi nilidhani nakusaidia," akasema taratibu. "Hivi vitu sijawahi kuviona vikiwa hai."

"Najua. Nisaidie kutafuta."

Wakachutama wote wawili, wakapekua rundo lile bao baada ya bao, Makoye akisoma namba kwa sauti kwa sababu macho ya Generosa yalikuwa yanacheza kwa uchovu. Karibu na chini walilipata moja, lililotoka kwenye kiwanda cha kuchambua pamba kilichofungwa, na chipu zake zilikuwa zimekaa kwenye mstari kama zilivyokaa siku zote. Makoye alivua shati lake, akalifunga bao ndani yake. Generosa alilipakata njia nzima mpaka Kahama.

Donatus alifanya kazi bila haraka. Zile mbovu alizikata miguu mmoja mmoja kwa koleo dogo, akang'oa vipande kwa chuma cha moto, akanyonya risasi iliyobaki kwenye matundu. Badala ya kulehemu chipu zenyewe alilehemu soketi ndogo za kuzichomekea, ili siku nyingine isihitajike kuchoma chochote, kisha akazitia chipu za kiwanda cha pamba ndani yake akiangalia kichwa kielekee upande ulio sawa. Alipowasha, televisheni ilisafika. Kulikuwa na neno moja la Kiingereza na kamstari kanakopepesa.

"Iko tayari," akasema Donatus, akapangusa jasho. "Msalimie Mwalimu."

Generosa alijua angepaswa kufurahi. Badala yake alirudi nyumbani kwa njia ndefu, maana sasa jibu lilikuwa linakuja.

Aliiweka kompyuta kwenye kibao juu ya mapaja ya mumewe, akawasha televisheni. Angeweza kukimbilia jikoni. Alibaki amesimama pale, mikono ndani ya kitenge.

Mwalimu aliangalia kamstari kale. Kidole kikapanda, kikatafuta, kikashuka.

NILIKUSIKIA

"Najua ulinisikia," Generosa akasema. "Nisamehe, Baba Edward."

Mwalimu aliinua kidole kidogo, kama alivyokuwa akilinyamazisha darasa. Hakuwa amemaliza. Herufi zikaanza kuja tena, moja moja, na kati ya moja na nyingine Generosa alihisi anaweza kuzeeka.

NAMI NIMEMWOMBA HIVYOHIVYO

Kisha:

TANGU MWAKA JANA. HATAKI

Generosa alisoma mara mbili. Akaketi ukingoni mwa kitanda, na lilikuwa jambo geni kuketi pale bila sahani wala kitambaa mkononi. Kicheko kilimtoka kwanza, kibaya, cha puani, halafu machozi yakakifuata, na hakuzuia chochote. Nusu ya mdomo wa Mwalimu ilikuwa imepanda juu. Muda wote huu kila mmoja amekuwa akimpelekea Mungu ombi lilelile kwa siri, akidhani mwenzake hajui.

"Sasa tufanyeje?" akauliza, akijifuta kwa upindo.

Kidole kikarudi kwenye vibonye, kikaandika polepole:

LALA KIDOGO. NITAKUAMSHA

Ilikuwa mchana kweupe, na vyombo vilikuwa vimejaa kwenye karai. Generosa akavua kandambili, akajinyoosha pembeni mwa mumewe upande ule wenye kidole kizima, akalala.