Mwanafunzi Aliyefundishika

Ilipotoka amri kwamba kila mwanafunzi wa sekondari atoke akajenge taifa, walimu wa skuli ile ya mjini Unguja walishusha pumzi tu. Maana yake waliijua: Jumapili watoto wapandishwe lori, wapelekwe shamba, walime chini ya macho ya kijana mwenye filimbi, warudi jioni na malengelenge ya mikono. Bi Bahiya peke yake ndiye aliyekwenda kugonga mlango wa mkuu wa skuli.

Alikuwa mwalimu wa historia, mwembamba, mwenye sauti ya chini iliyowalazimisha wanafunzi kunyamaza ili wamsikie. Kaka zake wawili waliondoka baada ya Mapinduzi, mmoja akaenda Maskati, mwengine hakuna aliyejua vizuri yuko wapi. Yeye alibaki hapo hapo mjini, mtaa wa Malindi, na mama yake asiyeweza safari, katika nyumba ya babu yao ambayo sasa ghorofa ya chini walikaa watu wengine. Kazi yake hakuna aliyeigusa, na yeye hakuwa mtu wa kuuliza kwa nini. Lakini hakubaki kwa ajili ya mama tu. Aliamini kweli, na wenzake walimwonea haya kwa imani hiyo, kwamba watoto wale wakifundishwa kuongoza watu bila ya kuwaswaga, nchi itatengenea.

"Kidato cha tatu wasiende shamba," alimwambia Maalim Muhiddin, mkuu wa skuli. "Nipe mimi. Watakwenda mitaa ya Ng'ambo, watafute jambo ambalo watu wenyewe wanalitaka, wachague kiongozi wao, walifanye mpaka limalizike."

Maalim Muhiddin alikuwa mtu mwema na mwoga. "Na likiharibika?"

"Litakuwa langu."

Wanafunzi walimchagua Jecha. Bi Bahiya hangemchagua. Jecha alikuwa mtoto wa mchukuzi wa bandarini, mrefu kuliko wenzake, hodari wa masomo, mwenye sauti ya kuamrisha kabla ya kuwa na cha kuamrisha. Lakini Bi Bahiya alikwisha kusema kwamba watachagua wenyewe, akawaachia.

Mtaa waliokwenda ulikuwa bondeni, na kila masika maji yalikuwa yakiingia mpaka chini ya vitanda. Jecha aliuona mara moja, akaamua papo hapo: utachimbwa mtaro. Akagawa majembe na masururu, akawapanga wavulana mbele na wasichana nyuma na makarai, wakaanza. Hawajafika mbali, mlango wa nyumba moja ukafunguliwa, akatoka mwanamke mtu mzima, mikono imejaa unga mpaka kwenye viwiko.

"Nani kafa humu ndani?" aliuliza.

"Hajafa mtu, bibi," Jecha akamjibu. "Tunachimba mtaro."

"Mnachimba mlangoni kwangu, na mimi nimo ndani nnakanda unga wa mkate wa mofa, na hakuna hata mmoja aliyepiga hodi. Nkadhani nshakufa, nnachimbiwa."

Wanafunzi wengine walicheka. Bi Bahiya hakucheka. Alisimamisha kazi, akawarudisha wote, na Jumapili iliyofuata walikwenda bila ya jembe hata moja. Jecha alitakiwa aende peke yake kwa mwanamke yule, Bi Mize, akamtake radhi.

"Nikamwambie nini, Mwalimu?"

"Usimwambie kitu. Mwamkie, kaa, msikilize. Ukiona unataka kusema, subiri kidogo tena."

Aliingia akiwa amenuna. Wenzake walimngoja nje mpaka jua likawa kali. Alipotoka, uso wake ulikuwa mwengine. Bi Mize alikuwa mjane, alikuwa na mguu mbovu, na mkate aliokuwa akipika asubuhi ndio uliomlisha na kumvisha. Yote hayo alimweleza, na mengine ya marehemu mumewe ambayo Jecha hakuyatoa.

"Hakuna mtu aliyewahi kumuuliza kitu," Jecha aliwaambia wenzake, kama aliyeokota jambo njiani.

Tangu siku ile kijana yule aligeuka. Alikwenda nyumba kwa nyumba akiuliza, mtaro upite wapi, usipite wapi. Alijua majina ya watu, ya watoto wao, na nani hasemi na nani. Tope lililokuwa chafu kuliko jengine alilibeba yeye. Chakula kikiletwa, alikula mwisho. Siku Duni, mvulana mvivu kuliko wote, alipotupa beleshi akasema haendelei, Jecha hakumgombeza. Alikaa naye chini wakazungumza, na baada ya muda Duni akainuka mwenyewe. Bi Bahiya alikuwa akitazama kutoka kibarazani kwa Bi Mize, na furaha aliyoisikia ilimtia woga, kwa ukubwa wake.

Masika yalipokuja, maji yalipita mtaroni yakaenda zake. Bi Mize alipika mihogo ya nazi, darasa zima likakaa mkekani kwake likala.

Jecha alimaliza skuli, akaenda kambi ya vijana, na huko hakukaa chini muda mrefu, akapandishwa cheo. Miaka ile mtu wa namna yake alitafutwa kwa tochi. Kila alipokutana na Bi Bahiya njiani alisimama, akavua kofia, "Shikamoo Mwalimu," mbele ya wakubwa aliokuwa nao. Na Bi Bahiya, ambaye siku hizo watu wengine walikuwa wakimpita bila ya salamu kwa sababu ya ukoo wake, alikuwa akiitikia "Marahaba" huku akijiona mrefu.

Kisha likaja jambo la majumba. Serikali iliamua kujenga majumba ya ghorofa Ng'ambo, marefu, yenye maji ya bomba na umeme, na mtaa wa Bi Mize ulikuwa mmoja katika iliyotakiwa kuondoka. Watu walisikia, wakaanza kunong'ona. Sehemu nyengine walikuwa wamegoma kutoka, wakatolewa kwa nguvu, vyombo vikatupwa njiani. Mtaa huu kazi alipewa Jecha.

Hakuja na askari. Alikuja peke yake, kwa miguu, nyumba ya kwanza ikiwa ya Bi Mize. Akamwamkia, akamuuliza mguu, akakaa, akasikiliza. Alikwenda kila nyumba vivyo hivyo. Akauliza nani ana mzee asiyeweza ngazi, nani ana watoto wengi, nani angependa dirisha lake lielekee wapi. Aliwaahidi kwamba watakaa kwa jamaa zao kwa muda, na majumba yakimalizika wao ndio wa mwanzo kuingia. Watu wakafunga vyombo wenyewe. Mtaa mzima ukakubali, na wakubwa wakashangaa.

Jumapili ya kubomoa, skuli ziliambiwa zilete wanafunzi. Maalim Muhiddin hakumtazama Bi Bahiya usoni alipomwambia ni darasa lake litakalokwenda. Walipofika, Jecha alikuwa tayari kawapanga vijana wake, hawapigi kelele, hawatukani. Mwenyewe alikuwa juu ya paa la Bi Mize, akiteremsha makuti polepole yasimwangukie mtu, shati limerowa jasho. Bi Mize alikuwa amekaa upande wa pili wa njia, juu ya kitanda chake, vyombo vyake vimepangwa vizuri pembeni. Wanafunzi wa Bi Bahiya walipokea makuti kwa chini.

Jecha alipomwona aliteremka. "Shikamoo Mwalimu."

"Marahaba." Alingoja mpaka wakawa mbali kidogo na watu. "Jecha, watu hawa uliwauliza?"

"Nimewauliza, Mwalimu. Mmoja mmoja. Kama ulivyotufundisha."

"Uliwauliza kama wanataka kuhama?"

Kijana aliufuta uso kwa mkono. Hakukasirika. "Hilo sikupewa niulize. Nilipewa nihamishe. Ningekataa mimi, angeletwa mwengine, na huyo mwengine unamjua atakavyokuja. Mimi angalau hakuna aliyepigwa. Hata sahani haikuvunjika."

Bi Bahiya alitafuta neno. Yalimjia mengi, na nyuma ya kila moja alimwona mama yake kitandani Malindi, na jina la ukoo wao, na kaka zake walioko nje. "Ni kweli," alisema. "Haikuvunjika."

"Basi," alisema Jecha, akarudi juu.

Majumba yalichukua miaka. Lilipomalizika jengo la kwanza, vyumba vilipata wenyewe, na majina ya mtaa ule hayakuwamo ila machache. Bi Mize alikuwa kijiji cha Bwejuu, kwa Mwanapili, mtoto wa dada yake, mahali ambapo hakupata kukaa maishani mwake. Siku Bi Bahiya alipopata lori la kumfikisha, alimkuta uani akisokota kamba za makumbi ya nazi, kazi isiyokuwa yake, vidole vimechubuka.

"Shikamoo, Bi Mize."

"Marahaba, mwanangu. Karibu. Mofa hakuna huku, hawana hata mazoea nayo."

Walizungumza mambo mengi. Mpaka Bi Bahiya akamtaja Jecha, akitaka kusema kwamba kijana labda hakujua, kwamba labda naye kadanganywa.

"Usimtetee, hana makosa," alisema Bi Mize. "Yule ulimfundisha vizuri. Wangekuja wale wengine, wangekuja kwa matusi. Ningelala mlangoni, wakanibeba, na mtu akinuliza nntamwambia: nilitolewa kwangu kwa nguvu. Hilo lingekuwa langu. Yeye kaja na adabu, kanuliza mguu, na mlango nkaufungua mimi mwenyewe. Sasa nnamlaumu nani?"

Mwanapili alileta maji ya kunywa. Bi Bahiya aliyapokea, hakuyanywa.

Juma lile lile alikwenda ofisini kwa Jecha. Alipokewa kwa heshima. Jecha aliinuka, akamvutia kiti, akaagiza chai, akafunga mlango. Bi Bahiya alimweleza yote, ya chumba kilichoahidiwa, ya vidole vya Bi Mize, mpaka maneno yake. Jecha hakumkatiza hata mara moja. Alipomaliza, Jecha alisubiri kidogo, akauliza swali moja, Bi Mize ana umri gani, kisha akasema amesikia na atalifuatilia. Akamsindikiza mpaka chini, akamwita dereva amrudishe kwake.

Hakulifuatilia, au alilifuatilia likamshinda. Bi Bahiya hakupata kujua, wala hakurudi kuuliza.

Bi Mize alifariki huko huko Bwejuu. Bi Bahiya aliwahi mazishi, akakaa ndani na wanawake wenziwe. Nje ulisikika mlio wa gari, kisha salamu nyingi. Jecha alikuwa amekuja kutoka mjini, na sanda na mchele alivileta yeye. Jeneza lilipoinuliwa alilitia begani yeye mwenyewe, akalibeba bila ya kupokewa mpaka wakatoka kijijini.

"Viongozi wangekuwa wote kama huyu," alisema mwanamke mmoja karibu na dirisha, akijifuta macho kwa ncha ya kanga. Akamgeukia Bi Bahiya. "Nasikia wewe ndiwe uliyemsomesha."

"Ndiyo," alisema Bi Bahiya. "Nimemsomesha mimi."

Wanawake wakampisha nafasi nzuri mkekani, akakaa.