Mbuzi wa Oscar

Kwetu Wakikuyu, siku ya ruracio, watu wanapoleta mahari, bwana harusi hakabidhiwi mchumba wake hivi hivi. Wasichana hufunikwa leso kutoka utosini hadi vidoleni, wakapangwa mstari, naye amtambue wake. Akikosea, anatozwa mbuzi.

Mchezo mtamu, kama wewe ni mwembamba. Mimi tangu shule ya msingi sijaona leso ya kunificha. Waendesha boda boda wa Kitengela wakiniona kwa mbali hujifanya wanapokea simu. Naishi ghorofa ya tatu, na kila ghorofa husimama kupumua nikijifanya natafuta ufunguo. Sasa nisimamishwe katikati ya binamu zangu, wembamba kama njiti, mbele ya wazee wa mchumba wangu Oscar kutoka Bissil? Hata mtoto wa chekechea angenichagua, na watu wangecheka. Kicheko hicho nakijua vizuri.

Nikamwendea Tata Wacuka, dada ya baba, msimamizi wa sherehe.

“Tata, hiyo ya leso tuiruke.”

“Turuke nini? Mimi nilifunikwa, mama yako akafunikwa. Wewe uko na nini?”

“Tata, si unaniona?”

Akanitazama kutoka utosini hadi vidoleni. Kisha akaomba simu yangu.

Siku ilipofika, niliingia chumbani kwa mama kufunikwa. Nikawakuta Evalyne, Kakenya na wenzao wanne. Tulijuana kliniki kule Kajiado, tukaanza kutembea pamoja kila Jumamosi kwenye barabara ya Kisaju, kwa ajili ya presha na magoti. Hakuna mwembamba hata mmoja. Tata alikuwa amewapigia wote. Binamu zangu aliwatuma jikoni wakagawe chapati.

“Mugure, wacha kulia, utalowesha leso,” Kakenya akaniambia. “Leo huyo ndugu yetu Mmaasai atajua hajui.”

Tukatoka, tukijikokota kwa hatua ndogo. Chini ya leso kulikuwa na giza na joto. Nikamsikia mzee mmoja akiuliza, “Sasa huyu wetu ni gani?” Kicheko kikanishika, nikacheka hadi mabega yakatikisika. Maishani mwangu hakuna mtu aliyewahi kunitafuta kati ya wengine asinione.

Oscar akapita, akarudi. Nikaona ncha za viatu vyake mbele yangu, nikajaribu kuhema polepole. Akasonga mbele.

“Ni huyu,” akasema.

Leso ikavutwa. Kakenya! Vigelegele vikalipuka, kina mama wakaimba mbuzi, mbuzi, na wazee wa Bissil wakacheka mpaka wakashika fimbo zao.

Namshukuru Mungu kwa Tata Wacuka. Nawashukuru wale sita, waliokubali kutazamwa ili nisitazamwe peke yangu.

Jioni Oscar alinisindikiza nyumbani.

“Nilikujua,” akasema tukiwa mlangoni pa ploti.

“Uongo! Ulinijuaje?”

“Si nakujua ukihema? Hizi ngazi tumepanda mara ngapi?”

“Sasa mbona ukachagua Kakenya?”

“Nilisikia unacheka huko ndani. Nikasema wacha acheke kidogo. Mbuzi ni nini?”

Nikamshika mkono. Tukaanza kupanda. Ghorofa ya kwanza nikasimama, nikahema, na sikutafuta ufunguo.