Simu ya Mama Inakatika

Fundi wa mtandao nilimwita mwenyewe, na sijutii. Mdogo wangu wa kiume anayeishi ughaibuni, kitinda mimba wa mama, alikuwa amenichosha. Kila akiongea na mama, simu inakatika. Halafu ananitumia ujumbe mimi: dada, mtandao wenu mbovu, fanya jambo, mama hana mwingine wa kuzungumza naye. Hana mwingine. Na mimi ninayemwogesha na kumbadilishia shuka ni nani, ukuta?

Tangu avunjike nyonga, mama hatoki chumbani. Simu ya intaneti aliyotumiwa na huyo kipenzi chake iko kwenye stuli kando ya kitanda, na anaikodolea macho kutwa. Nikimwingizia chakula hata hanitazami.

Fundi alikuwa mpole, wale wanaoongea taratibu mpaka unasinzia. Akachomeka kikompyuta kati ya simu na kisanduku cha mtandao.

"Hiki kitahifadhi taarifa za kila simu," akasema. "Tuziache zijikusanye, dada. Baadaye nitazichambua tuone zinakatikia wapi: hapa, njiani, au kule kwa kaka."

"Ni kule," nikamwambia. "Wewe tafuta ushahidi tu."

"Na maneno yanahifadhiwa?" mama akauliza kutoka kitandani, sauti imemkauka.

"Hapana, mama. Ni muda wa simu, hali ya mtandao na upande uliokata. Maneno yenu ni yenu."

Mama akashusha pumzi. Nikamwambia asijitie kuwa na siri, kikongwe mzima.

Fundi aliporudi kuchambua, nilikuwa nimeshamwandalia mdogo wangu vidonge vyake vya maneno. Tulikaa sebuleni. Akatazama kompyuta yake, akajikuna kidevu.

"Mtandao mzima kabisa," akasema. "Sauti haijapotea popote. Na kaka hajakata hata mara moja."

"Basi nani anakata?"

"Zinakatwa hapa hapa, kwenye simu ya mama. Labda anaibonyeza bila kujua." Angeishia hapo ingekuwa heri, lakini alikuwa anaipenda kazi yake. "Ila kuna kitu sikielewi. Siku za kazi, mchana, wanaongea mpaka wanachoka. Zinazokatika ni za jioni na za Jumapili. Jioni kuna nini hapa, dada?"

Jioni narudi mimi kutoka kazini. Geti letu lina kutu, likifunguliwa linasikika mpaka chumbani kwa mama. Na Jumapili nashinda nyumbani, napita pita koridoni.

Iliniuma. Nikamuaga fundi, nikaenda kusimama mlangoni kwa mama.

"Kumbe ukisikia nakuja ndiyo unakata. Unamwambia nini?"

Akasema, akiitazama shuka, "Namwomba aje anichukue."

"Amesemaje?"

"Amekubali. Leo ananiambia siku."

Alilisema hilo kwa uoga, lakini uso ulikuwa umemng'aa, na sijauona uking'aa hivyo kwa ajili yangu miaka yote hii. Simu ikaita. Mama akanyoosha mkono. Mimi nikawahi.

"Mama?" mdogo wangu akaita. "Mama, nimepata tiketi."

"Ni mimi. Mama amelala."

Mama alifungua mdomo. Nikamtazama, akaufunga.

"Dada, basi mwambie..."

"Sikusikii vizuri," nikasema. "Fundi alikuja, amepima kila kitu. Ulisema kweli, mtandao wetu ni mbovu, na amesema hautengenezeki. Usihangaike kupiga tena, na wala usije. Mama amebadili mawazo, hataki kuhama, anaona haya tu kukwambia."

Nikakata, nikachomoa waya, nikauzungusha mkononi. Nikaibeba simu, nikaenda kumchemshia mama maji ya kuoga.